Akiba ya Mshono

Mbagala Charambe
8 Juni

Mdogo wangu Ferdinand,

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, ila barua yako ikija itaanza na shikamoo, kwa hiyo naitikia kabisa.

Hapa karakana hatujambo. Cherehani zimefika saba. Ile ya miguu niliyoanzia kwenye baraza la watu pale Rangi Tatu bado naishonea mwenyewe, maana haingoji umeme. Oda za sare za shule zimeanza kuingia.

Nakuandikia kwa mambo mawili, na la kwanza litakuudhi. Bajeti ya Ulinzi ilisomwa bungeni redio ikiwa wazi nami nimeshika pasi. Mafundi wakaendelea na soga zao. Mie nikachukua chaki nikaiandika ile namba mezani. Trilioni, Feri, na sifuri zake kumi na mbili. Loveness, yule binti anayenishonea vifungo, akauliza kama ni namba ya simu. Unanijua, sioni namba nikaiacha. Nikaanza kuigawa kwa lita za mafuta ya gari la wagonjwa, nikafika mahali nikaifuta kwa kiganja.

Watu husema siku ile ya uzazi wa dada yako Monica gari halikuwepo. Lilikuwepo. Jeupe, limeoshwa, dereva amekaa ndani. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Niliporudi na dumu nililonunua barabarani, Monica alikuwa ameshaishiwa damu, na Editha yuko kwenye khanga analia peke yake. Kwa hiyo mtu asinijie na habari kwamba nchi yetu ni maskini. Nchi inachagua. Na wewe niliyekulipia ada uwe mhasibu, ukaenda kuchagua upande wa bunduki.

La pili ni la heri. Editha anapokea komunio ya kwanza Desemba. Amesema wa kumsindikiza altareni ni mjomba Feri na si mwingine. Padri ameuliza baba yuko wapi, mtoto akajibu, "Yuko jeshini, anakuja." Kwa hiyo unakuja. Nakushonea suti ya bluu iliyokolea. Nitumie vipimo vya mabega, kifua, kiuno, mkono na urefu wa suruali. Usikisie. Tafuta mtu akupime kwa kamba, kisha kamba muilaze kwenye rula.

Dada yako,
Yuliana

*

Mpakani
29 Juni

Shikamoo dada,

Barua imefika kwa mkono wa jamaa aliyetoka likizo. Usishangae kuandikiana kama enzi za babu. Simu zetu zilikusanywa tulipoingia huku, na kila barua inayotoka husomwa na ofisa kwanza. Mambo ya kazi siandiki. Jua tu kwamba ni kusini, kuna mto, na hatujambo.

Suti nimeipokea moyoni. Mwambie Editha ruhusa nimeshaiomba.

Kuhusu zile sifuri, nikujibu kwa ufundi wako. Nilipokuwa nakutolea nyuzi kwenye suruali ulinifundisha kuacha akiba ndani ya mshono. Nikakuuliza kwa nini tupoteze kitambaa ambacho hakionekani. Ukanipiga kidole cha utosi ukasema, "Siku mteja akinenepa ndipo utajua kwa nini." Basi dada, sie ndio akiba ya mshono. Hatuonekani, na kila mtu anadhani ni kitambaa kilichopotea.

Humu nimepata ndugu, anaitwa Gregori Kihwele, Mhehe wa Iringa. Unajua tena Mngoni na Mhehe wakikutana. Siku ya kwanza tu alichukua nyama kwenye sahani yangu akasema ni ushuru wa vita. Huwa tunacheka kwamba babu zake na babu zetu walichinjana miaka na miaka mpaka wakachoka, wakaamua kuwa watani, na tangu hapo anayechukua nyama ya mwenzake hagombwi. Hiyo ni amani ambayo haijawahi kusomwa kwenye bajeti. Najua utaipenda.

Vipimo amenipima yeye kwa kamba ya viatu, akaviandika mwenyewe hapa chini.

Mdogo wako,
Ferdinand

Mabega 19. Kifua 44. Kiuno 38. Mkono 25. Suruali 41.
Mtani Mngoni, vipimo ni halali, nimevichukua kwa mkono wangu. Ndugu yako ameshiba. Mbwa tulimla wote, yeye tukamwachia mchuzi, na mchuzi ndio umemnenepesha hivi.
G. Kihwele, mwenye mali

*

Mbagala Charambe
20 Julai

Ferdinand,

Thelathini na nane!

Uliondoka hapa na kiuno cha thelathini. Suruali yako ya mwisho niliipunguza mwenyewe nyuma, na bado ukaivaa kwa mkanda. Nimekaa na futi kamba mkononi nikajizungushia hiyo thelathini na nane, nikabaki nikiitazama. Kumbe zile sifuri zangu zilikokwenda ni kiunoni mwako.

Sikatai uzuri wa mfano wako. Ila mie ndiye fundi, acha nikusahihishe. Akiba ni inchi moja kila upande. Fundi anayeficha mita mbili za akiba ndani ya shati moja, na mtoto wa mteja amesimama pale mlangoni uchi, huyo si fundi, ni mwizi wa kitambaa. Monica ndiye mtoto wa mteja. Tulikuwa tumesimama mlangoni.

Halafu unaniambia hatujambo, kuna mto. Mnakaa mtoni mnakula. Mwanajeshi asiyepigana ni mgeni aliyesahau kuondoka, na sahani yake inatoka kwenye kodi ya cherehani zangu. Nimesema.

Mwambie huyo mtani wako kwamba sie Wangoni hatuna shida na Wahehe wanaokula mbwa, shida yetu ni kwamba usiku wanabweka.

Kitambaa nimenunua kingine, kile cha kwanza kisingekutosha.

Yuliana

*

Mpakani
14 Agosti

Shikamoo dada,

Umesema kweli, tunakula. Kuhusu kiuno sina la kujitetea, nimejiachia. Usikipunguze, shona hivyo hivyo.

Lile la mgeni aliyesahau kuondoka nilimsomea Gregori akacheka. Mie sikucheka. Si kwa kukukasirikia.

Kijiji tulicho karibu nacho kilihama chote usiku mmoja mwaka juzi, sufuria zikabaki mekoni. Mwaka huu wamerudi, wamelima. Kuna mama anapita asubuhi na jembe, hutuamkia kwa kututukana kwamba tunamkanyagia matuta. Sijawahi kusikia tusi tamu kama hilo, maana mtu anayegombea matuta anategemea kuvuna. Faida yetu ni jambo ambalo halikutokea. Sasa wewe mjuzi wa kugawa, hilo utaligawa kwa ngapi?

Na kuna kitu sijawahi kukuambia. Siku ile ya Monica nilikuwa kidato cha pili. Wewe ulibaki na mtoto, mie ukaniambia nirudi nyumbani na lile dumu. Lilikuwa limejaa. Nililibeba kutoka pale mpaka Charambe, na mafuta yanacheza ndani, kila hatua yanalia. Nikawa nawaza kwamba yamekuja, ila yamekuja nyuma ya mtu.

Dada, sikwenda upande wa bunduki. Nilikwenda mahali ambapo gari linajazwa mafuta kabla halijahitajika. Nilitaka kuona kama mahali pa namna hiyo papo hapa nchini. Papo. Nalotaka ni pawe kila mahali, siyo huku pafutwe.

Mbusu Editha.

Ferdinand

*

Mbagala Charambe
5 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya mashine, nikaitoa, nikaisoma. Lile la dumu silijibu kwa karatasi. Ukija tutakaa kwenye baraza, nitakujibu.

Suti imekwisha. Imetulia mabegani utasema imeota pale. Nimetia bitana ya kijivu na mfuko wa ndani, maana najua utataka pa kuweka rozari. Akiba nimeacha inchi moja kila upande, kwa hiyo ukiendelea kula mchuzi wa mbwa, koti litafunguka.

Editha anafanya mazoezi ya kutembea na mjomba. Anamshika Loveness mkono, wanatoka mlangoni mpaka kwenye meza ya kukatia, polepole. Juzi akamwambia Loveness atanue mkono zaidi kwa sababu mjomba siku hizi mnene.

Rudi tu. Hata ukiwa na arobaini.

Yuliana

*

Mpakani
2 Oktoba

Mtani Yuliana,

Shikamoo, ingawa Mhehe hapaswi kumwamkia Mngoni.

Leo naandika mie, maana huyu ndugu yako mvivu amelala. Tumemwamsha hakuamka. Nimemtukana kwa Kihehe, nimemtukana kwa Kingoni chake kile kibovu, hakurudisha hata neno, na wewe unajua yeye na kurudisha maneno. Nikachukua nyama kwenye sahani yake. Hakunipiga mkono.

Kwa hiyo andaa mbuzi wa mtani. Suti usiiguse wala usiipunguze, mwenyewe hataivaa. Nguo za namna hiyo ni za mtani, na mie nimeshazidai mbele ya mashahidi. Viatu vyake nimevivaa tangu jana. Vinanibana, na sivivui.

Ofisa anayesoma barua ameniita akaniuliza hii ni habari gani. Nikamwambia, afande, ni utani wa Mhehe na Mngoni, na utani hauna siri ya jeshi. Ameitazama sana, kisha akaigonga muhuri. Habari nyingine haziruhusiwi kwenye karatasi. Huja na watu.

Isome mara mbili, mtani. Uwe umekaa. Na watu wakija, usiwe peke yako.

Gregori Kihwele

*

Mbagala Charambe
5 Oktoba

Feri,

Barua ya mtani wako imeingia asubuhi hii na basi la kusini. Nimeisoma kwa sauti karakana nzima, Loveness amecheka mpaka sindano imemchoma. Mwambie huyo Mhehe viatu asivivue, aje navyo, nimpe na soksi. Suti hapati. Akiitaka aje aoe Mngoni kwanza.

Eti umelala, hutaki kuamka. Wewe! Wewe uliyekuwaga unaamka kabla ya adhana ukaanza kunipigia kelele uji uko wapi. Bila shaka mmekula mkavimbiwa.

Mbuzi nimenunua kweli, wa komunio. Amefungwa nyuma, ameshakula pindo la sare moja ya shule.

Na nimeamua nikujibu lile la dumu, nisilikalie mpaka Desemba. Ulifanya vizuri. Mie nilikuwa na hasira na watu wakubwa nisiowafikia, nikakupiga wewe niliyekufikia. Zile sifuri bado nazikataa, hilo tutabishana mpaka uzeeni. Ila wewe, Feri, hukunikosea. Basi, nimelisema.

Loveness ananiambia kuna wageni wanaulizia kwangu pale kwa muuza mkaa, wamevaa gwanda. Wametoka huko kwenu, wameleta barua yako bila shaka. Ngoja niifunge hii waondoke nayo.

Dada yako anayekupenda,
Yuliana

*

Mbagala Charambe
3 Novemba

Kwa Gregori Kihwele,

Tumemzika Pugu, jirani na Monica. Walipiga risasi juu, Editha akaziba masikio akaniuliza wanampiga nani.

Barua yako niliisoma mara ya pili baada ya wale wageni kuondoka. Nikiwa nimekaa. Nimeelewa kwa nini uliandika vile, na nimeelewa kwamba kwenu hakukuwa na mlango mwingine wa kupitishia. Sikulaumu. Ila nilicheka, Gregori. Niliisoma kwa sauti nikacheka na watu wote wakacheka, na yeye yuko ndani ya jokofu. Hilo nitakaa nalo.

Msiba ulikuwa kimya mno. Majirani walijaa, maturubai yalijaa, hakuna mtani hata mmoja wa kutuvunjia huzuni. Kwetu mtani angelala kaburini akakataa kutoka mpaka alipwe. Angetembea kama Feri, ule mwendo wake wa bega moja. Tulilia tu moja kwa moja kama watu wasio na ukoo. Mbuzi uliyemdai alichinjwa, kwa hiyo madai yako ya kwanza yamekwisha.

Sasa nakuuliza, unijibu kama mtu na si kama mtani. Niliomba nimvalishe suti yangu. Wakaniambia mwanajeshi huzikwa na sare yake. Nikawaomba walau nimuone nayo, nimtandazie juu. Wakaniruhusu. Nilipolilaza koti juu yake, mabega yalimwagika huku na huku. Suruali ungeweza kumzungushia mara mbili. Nimeshika miili ya watu miaka yote ya maisha yangu, mkono wangu haukosei. Ile ilikuwa ishirini na tisa, pengine pungufu.

Kiuno cha thelathini na nane ni cha nani?

Wakubwa walikuja na maneno mazuri na bendera iliyokunjwa vizuri. Nikawauliza alikuwa anafanya nini alipofia. Wakasema alikuwa kazini. Nilimwandikia kwamba anakula tu. Niambie.

Yuliana Mapunda

*

Iringa
24 Novemba

Shikamoo dada Yuliana,

Nipo nyumbani, nimepewa likizo. Barua hii hakuna aliyeisoma kabla yako.

Kiuno ni changu. Vipimo vyote ni vyangu. Nilimpima kwa kamba, kisha nikaandika vya kwangu, utani tu, nikingoja uandike tena kwa hasira tucheke. Ulipoandika, nikamwambia haya sasa mrekebishe dada yako. Akakataa. Akasema, "Muache. Anayefikiri nimenenepa analala usingizi." Nikamwambia unamdharau kwa jambo la uongo. Akasema dharau ya dada haimuui mtu, wasiwasi ndio ungekuua wewe.

Hatukuwa tunakula mtoni, dada. Kijiji kile kina barabara moja ya vumbi ya kwenda mashambani, na usiku watu wa ng'ambo huja kufukia mabomu humo. Kila alfajiri mmoja wetu hutembea mbele ya gari kuisafisha kabla kina mama hawajapita. Feri alikuwa mmoja wa waliojitolea. Alikuwa na jicho, alikuwa anaona mchanga uliokunjwa vibaya, anasema ni kama mshono uliofumuliwa ukarudiwa na mtu mwingine. Alikonda kwa sababu usiku hakuwa anakula. Alisema tumbo likijaa, jicho linasinzia.

Siku ile alikuwa ameyaona mawili akayatoa. La tatu hakuliona.

Na hili nakuambia kwa sababu najua utauliza. Helikopta ilikuja. Ilikuja upesi, mafuta yalikuwa yamejaa, daktari alikuwemo na damu ya kuongeza ilikuwemo. Kila kitu kilikuwepo. Nilikuwa nimemshika kichwa. Aliposikia mlio wake akaniambia, "Umesikia, Mhehe? Imejazwa."

Yule mama wa matuta amevuna. Aliniletea kilo mbili za mpunga nipeleke kwa watu wake yule kijana mwembamba. Ninao hapa. Sijui niufanye nini.

Nisamehe kwa vipimo.

Gregori

*

Mbagala Charambe
6 Desemba

Mtani Gregori,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Editha pale pa mama aliyevuna. Pengine pote nimempunguzia.

Nimekaa na chaki yangu usiku na mchana, nikitaka kukuandikia kitu chenye akili. Upande mmoja nimeandika Monica. Alikufa kwa sababu kilichohitajika hakikuwepo. Upande wa pili nimeandika Ferdinand. Alikufa na kila kitu kipo. Mie niliyekuwaga najitapa kwamba hakuna hesabu inayonishinda, nimekaa katikati ya majina mawili sijui nijumlishe au nitoe. Bado nasema zile sifuri ni nyingi mno, na magari ya wagonjwa yako mengi yamesimama leo hii. Mtu akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo. Ila nikimfikiria yule mama na matuta yake, chaki inanikataa mkononi.

Kuhusu akiba, niliacha inchi moja kila upande kama nilivyomwambia. Nilikuwa nafikiria siku atakayonenepa. Hakuna fundi anayewaza siku mtu atakayopwaya.

Suti ipo. Imening'inia juu ya cherehani ya miguu. Loveness alishauri niiuze, nikamfokea akalia. Juzi nikaishusha nikataka kuifumua, nikafika kwenye mshono wa kwanza wa kiuno nikaacha. Imeshonwa kwa mtu aliye hai, Gregori, kwa vipimo vyake halali, haijakosea hata inchi. Alijua. Tangu Agosti Feri alijua nashona suti ya nani, na akaniandikia shona hivyo hivyo.

Editha anapokea komunio Jumapili ya tarehe ishirini na moja. Bado anatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye meza ya kukatia. Siku hizi anatembea peke yake, na mkono mmoja ameutanua.

Njoo udai suti yako. Njoo na mpunga wako tuupike, njoo na viatu vyake hata kama vinakubana. Chukua nyama kwenye sahani yangu. Tembea ule mwendo wa bega moja mbele ya kanisa zima, watu wasioujua utani watashangaa, waache washangae. Sitakulipa kwa kukufukuza mlangoni kama desturi ilivyo, utaingia moja kwa moja.

Ila nakuomba jambo moja. Ukishaivaa, niache kwanza nipitishe mkono kiunoni, kama fundi, nione imekaaje. Na usinitanie mpaka nianze mie.

Mtani wako,
Yuliana